SOMO LA URUBANI: JINSI NDEGE NDOGO INAVYOTUA KATIKA MAWINGU

Zamani za majahazi, rubani hakuwa mtu wa angani. Neno hili lilikuwa jina la yule mjuzi wa bahari aliyepanda chomboni ili akiongoze kuingia bandarini, akakipitisha katika mlango wa miamba pasipo kugonga. Kazi yake kubwa haikuwa safari ya bahari kuu, ambako maji ni mapana na kosa dogo halidhuru, bali ile maili ya mwisho ambapo kosa la pima chache huvunja chombo. Leo neno lile lile tumempa mwendeshaji wa ndege, nalo lamfaa kabisa. Katika urubani wa angani pia, shida haiko katika kuruka juu ya Tsavo wakati wa jua kali, bali katika kushuka mpaka chini, hasa siku ambayo ardhi haionekani.

Wasomaji wengi wameona ndege ndogo zikiruka na kutua katika kiwanja cha Wilson, Nairobi, au katika viwanja vya mashambani. Nyingine huchukua watalii, nyingine miraa, nyingine madaktari. Maana tangu mwaka 1957 Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki wamekuwa wakitumia ndege ndogo kuwafikia wagonjwa wa mbali. Lakini si wengi wanaojua rubani afanyaje anapofika juu ya mji na kukuta umefunikwa na wingu kama sufuria iliyofunikwa kifuniko. Katika somo hili tutaeleza jambo hilo hatua kwa hatua.

SAFARI YA MFANO

Tuseme rubani mmoja anatoka Malindi asubuhi ya mwezi wa Julai, akiwa na abiria wawili katika ndege yenye mashine moja na viti vinne, ya aina ya Cessna 172. Ndege za aina hii ziliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na zimetengenezwa zaidi ya 40,000, kwa hiyo ni mfano mzuri. Mmoja wa abiria amepewa siku ya kuonana na daktari mjini Nairobi, na hataki kuikosa. Malindi kiwanja ki karibu sawa na bahari. Nairobi kiwanja ki juu ya futi 5,300. Tena Julai ni wakati wa baridi, na asubuhi nyingi wingu zito hulala chini juu ya Nairobi mpaka jua lipande. Baada ya saa mbili na zaidi angani, rubani wetu aona mbele yake weupe mtupu. Afanyeje?

Jibu la kwanza ni swali: Je, amefundishwa kuruka kwa vipimo, na ana cheti cha kazi hiyo? Ikiwa hana, hana ruhusa kuingia katika wingu lile hata kwa dakika moja. Na tueleze kwa nini.

MASIKIO HUDANGANYA

Mwanadamu husimama wima kwa msaada wa macho, miguu, na mifereji midogo yenye maji iliyomo ndani ya sikio. Kichwa kikigeuka, maji yale hubaki nyuma kidogo, nasi twahisi kwamba tunageuka. Lakini ndege ikigeuka polepole kwa muda wa sekunde 20 hivi, maji yale huanza kwenda sawa na mifereji, na hisia ya kugeuka hupotea. Rubani asiyeona nje hudhani anakwenda sawasawa, kumbe bawa moja limelala. Akiinyosha ndege, sikio lamwambia kwamba sasa anageukia upande wa pili, naye huirudisha kule kule kwenye hatari. Ndege huanza kuzunguka ikishuka kwa kasi, na hisia zake hazimwonyi.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilijaribu jambo hili. Waliwachukua marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vipimo, wakawazuia kuona nje, huku mwalimu akiwa kando tayari kuwaokoa. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Wa kwanza alishindwa katika sekunde 20, wa mwisho katika sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu! Basi ndiyo sababu mwanafunzi wa urubani hufundishwa mapema kwamba, akijikuta ukingoni mwa wingu, ageuke taratibu kwa kufuata vipimo na kurudi alikotoka, ambako hewa ni safi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

VIPIMO SITA NA PIA YA WATOTO

Rubani wetu amefundishwa, na ana cheti. Mbele yake mna vipimo sita vikubwa. Cha kwanza ni kipimo cha mwendo katika hewa. Cha pili ni upeo wa bandia, ambao ni picha ndogo ya mbingu na ardhi. Cha tatu ni kipimo cha kimo. Cha nne huonyesha jinsi ndege inavyogeuka. Cha tano ni dira ya pia. Cha sita huonyesha kasi ya kupanda au kushuka.

Upeo wa bandia na dira ya tano hufanya kazi kwa kanuni ambayo kila mtoto aijua. Pia ikizungushwa kwa nguvu husimama wima na haikubali kuangushwa. Kadhalika ndani ya chombo hiki mna gurudumu dogo lizungukalo kwa kasi; ndege ikilala, gurudumu halilali, na kwa tofauti hiyo rubani hujua amelala kiasi gani. Dira ya pia hupotoka kidogo kidogo, kwa hiyo hulinganishwa na dira ya sumaku kila baada ya dakika 15 hivi. Siku hizi ndege nyingi zina kioo kimoja chenye picha zote hizi, lakini maana yake ni ile ile.

Kanuni kubwa ni kwamba jicho lisikwame mahali pamoja. Latoka katika upeo wa bandia kwenda kwenye mwendo, larudi katika upeo. Laenda kwenye kimo, larudi. Laenda kwenye dira, larudi. Anayekodolea macho kipimo kimoja atapotewa na vingine vitano.

Kipimo cha kimo kina sharti lake. Chenyewe hupima uzito wa hewa, nao hubadilika siku kwa siku. Msimamizi wa kiwanja humpa rubani hesabu ya uzito wa hewa ya wakati ule, naye huiweka katika kipimo chake na kuisoma tena kwa sauti ili kuhakikisha. Kila hektopaskali moja ya kosa huleta kosa la futi 27 hivi. Akikosea kwa 10, atadhani yuko juu kwa futi 270 kuliko alivyo kweli. Msomaji aikumbuke hesabu hii, maana tutairudia.

MSTARI USIOONEKANA

Mtu wa kwanza kuruka, kuzunguka na kutua bila kuona nje kabisa alikuwa Mmarekani James Doolittle, tarehe 24 Septemba, 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field, New York. Alikaa chini ya kifuniko, akiongozwa na vipimo na redio, na rubani wa pili alikaa mbele kwa tahadhari tu. Mwaka ule ule kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi, na jina lake ndilo lililobaki katika kiwanja cha Wilson.

Mtambo utumikao leo katika viwanja vikubwa huitwa ILS na marubani wa dunia nzima. Kazi yake yafanana na ile minara miwili ya bandarini ambayo nahodha huilinganisha, mmoja nyuma ya mwingine, ili ajue yuko katikati ya mlango. Antena iliyo ng'ambo ya mwisho wa njia ya kutulia hupeleka mawimbi mawili ya redio, moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia. La kushoto lina mtetemo wa mara 90 kwa sekunde, na la kulia mara 150. Ndege ikiwa katikati, mitetemo hiyo ni sawa kwa nguvu, na sindano husimama wima. Ikienda kando, mtetemo mmoja huushinda mwingine, na sindano huonyesha upande wa kurudi. Antena ya pili, iliyo kando ya njia, hufanya vivyo hivyo kwa juu na chini, nayo hutengeneza mteremko wa nyuzi 3 kwa kawaida. Kwa mteremko huo ndege hushuka futi 318 hivi kwa kila maili moja ya bahari.

Kiwanja cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, nacho ndicho kiitwacho leo Jomo Kenyatta, kina mtambo huu kwa njia yake nambari 06. Nambari hiyo maana yake ni kwamba njia yaelekea nyuzi 60 za dira, yaani kaskazini-mashariki. Kwa hiyo rubani wetu, ingawa nyumbani kwake ni Wilson, aomba kushukia Jomo Kenyatta.

KUSHUKA

Kabla hajaanza kushuka, asoma karatasi ya njia ile na kusema kwa sauti mambo haya: namba ya redio ya mtambo, uelekeo wa mwisho, kimo cha kukata shauri, na njia ya kurudi juu asipoona kitu. Asikiliza pia alama ya mtambo, ili asije akafuata mtambo mwingine. Mambo haya hufanywa mapema, kwa maana chini karibu na ardhi nafasi ya kusoma haipo.

Aushika mstari kwanza akiwa amekwenda sawa, chini ya mteremko, kisha angoja sindano ya mteremko imjie kutoka juu. Ikifika katikati, apunguza nguvu za mashine na kuanza kushuka. Mwendo ni noti 90, yaani maili za bahari 90 kwa saa. Ikiwa mwendo juu ya ardhi ni huo pia, ndege yakata maili moja na nusu kwa dakika, nayo yapasa kushuka futi 480 hivi kila dakika. Rubani ajuaye hesabu hii haifukuzi sindano. Huweka nguvu zilizo sawa na pua iliyo sawa, kisha husahihisha kidogo tu, nyuzi mbili au tatu za dira. Kadiri anavyokaribia mtambo, ndivyo sindano inavyozidi kuwa nyepesi, kwa sababu mstari unakuwa mwembamba kama mdomo wa faneli. Anayefanya masahihisho makubwa huvuka huku na huku kama mlevi njiani.

Ikiwa akifika futi 1,000 juu ya kiwanja, naye yumo mawinguni, mwendo haujatulia au sindano ziko kando, huo si wakati wa kulazimisha. Hupanda na kuanza upya.

KUKATA SHAURI

Kwa mtambo wa kawaida wa ILS, kimo cha kukata shauri hakipungui futi 200 juu ya mwanzo wa njia. Hapo rubani huinua macho. Akiona taa za njia, aendelee. Asipoziona, apande mara moja. Kwa kushuka futi 480 kila dakika, futi 200 ni sekunde 25 tu. Na sasa msomaji aikumbuke ile hesabu ya uzito wa hewa: aliyekosea kwa hektopaskali 10 atakuwa amegonga ardhi kabla kipimo chake hakijaonyesha futi 200 zilizobaki.

Hapa ndipo penye jaribu kubwa, nalo si la mikono bali la moyo. Abiria ana miadi na daktari. Rubani amechoka. Labda wingu litafunguka akishuka futi 50 tu zaidi? Marubani wengi wazuri wamekufa kwa "labda" hiyo. Kwa hiyo shauri halikatwi pale chini. Lilikwisha kukatwa kabla ya safari, naye hulitimiza tu. Huongeza nguvu zote, huinua pua, huhakikisha ndege inapanda, hukunja flapu kidogo kidogo, kisha hufuata njia iliyoandikwa. Utaratibu ni huu: kwanza iendeshe ndege, kisha ielekeze, mwisho sema katika redio. Nairobi pana jambo jingine. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi, na mashine ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake. Mchanganyiko wa petroli na hewa uwe umepunguzwa petroli kwa kadiri ya kimo, ama sivyo mashine itakohoa wakati inapohitajiwa sana.

Tena asiwe na kiwanja kimoja tu moyoni. Tangu Malindi alipaswa kuchukua mafuta ya kumfikisha Nairobi, na kutoka hapo mpaka kiwanja kingine chenye hewa safi, mathalani Mombasa, na juu ya hayo akiba ya dakika 45 kama sheria za nchi nyingi zitakavyo. Mwenye mafuta ya kutosha hukata shauri kwa utulivu. Asiye nayo hukatiwa shauri na sindano ya tangi.

KUGUSA ARDHI

Tuseme safari hii, kwenye futi 300, taa zaonekana. Kazi haijaisha. Kando ya njia mna taa nne zilizopangwa mstari mmoja. Mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake kimo ni sawa. Zote nyeupe, yuko juu mno. Zote nyekundu, yuko chini mno, nayo ni hatari.

Rubani apunguza mwendo mpaka noti 65. Yampasa kukiamini kipimo wala si macho. Kwa sababu ya wepesi wa hewa ya Nairobi, noti 65 za kipimo ni kama 71 za kweli, na ardhi yaonekana ikipita kwa kasi kuliko Malindi. Mgeni hudhani anakwenda mbio mno, hupunguza zaidi, na bawa hukosa hewa ya kulichukua; ndege huanguka kama embe. Kinyume chake, akiongeza mwendo bila sababu, ndege haitaki kutua. Na hata akifanya sawasawa, nafasi ya kusimama hurefuka kwa sehemu moja katika tano hivi kuliko pwani. Katika njia ya zaidi ya kilomita nne kama ya Jomo Kenyatta hilo halidhuru. Katika kiwanja kifupi cha milimani ni jambo la kufa na kupona.

Njia ile ina upana wa meta 45. Aliyezoea njia nyembamba hudanganyika na upana huo, akajiona yu chini kuliko alivyo, akainua pua mapema mno. Dawa yake ni kutazama mbali, mwisho wa njia, wala si chini ya pua. Karibu na ardhi huondoa nguvu za mashine na kuvuta usukani polepole, akizuia ndege isitue mpaka ichoke yenyewe. Magurudumu mawili ya nyuma hugusa kwanza. Gurudumu la mbele ni dhaifu, nalo hushushwa baadaye taratibu. Upepo ukitoka kando, huteremsha bawa la upande wa upepo na kunyosha pua kwa pedali za mkiani, ili magurudumu yaelekee njia barabara. Ndege ikiruka tena baada ya kugusa, asisukume pua chini kwa hofu. Akiona imeruka sana, aongeze nguvu na kupanda tena. Kuzunguka mara ya pili si aibu.

HITIMISHO

Rubani wetu ametua, na abiria wake amewahi kwa daktari. Lakini lau asingeziona taa, akapanda na kurudi Mombasa, urubani wake ungalikuwa mzuri vile vile, na pengine zaidi. Abiria angenung'unika; lakini siku ya daktari hupatikana nyingine. Nawe msomaji, siku utakayopanda ndege ndogo, na rubani akakuambia "Hatuwezi kutua, tunarudi," usimsukume wala usimlaumu. Mshukuru.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu hawezi kutumaini hisia za mwili wake ndani ya wingu?
2. Upeo wa bandia wafananaje na pia ya watoto?
3. Rubani afanye nini akifika kimo cha kukata shauri asione taa?
4. Taa nne za kando ya njia zikiwa nyekundu zote, maana yake nini?
5. Kwa nini kutua Nairobi ni tofauti na kutua Malindi?